Kiambishi Awali

Kuna amri moja ya kompyuta, herufi nne tu, ambayo wengi wetu tunaofanya kazi za mtandaoni hatujawahi kuonyeshwa na mtu. Inaitwa file. Unafungua terminali, ile skrini nyeusi ya wadukuzi wa kwenye filamu, unaandika neno hilo, unaacha nafasi, unataja jina la faili yako, unabonyeza Enter. Inakujibu kwa mstari mmoja. Haibadilishi chochote, haikuulizi kama una hakika, haikuletei matangazo. Inakuambia tu: hiki kitu ulichonacho ni hiki.

Mimi hupata riziki kwa kuandika, na mwezi ukiwa mbaya, kwa kusikiliza rekodi za watu na kuzigeuza maandishi. Kwenye hiyo kazi ya pili hutumiwa maajabu. Mtu anakuletea mahojiano ya saa nzima, faili imeandikwa mahojiano.mp3, programu yako inakataa kuicheza, ukimwambia anasema ni laptopu yako mbovu. Basi unauliza:

file mahojiano.mp3

Jibu linaanza na Ogg data, Opus audio. Yaani hiyo si MP3 na haijawahi kuwa MP3. Ni voisi noti ya WhatsApp ambayo mtu aliibandika jina jipya akadhani imegeuka. Ni kama wale wanaoambiwa na tovuti ya kuombea kazi kwamba CV lazima iwe PDF, wanachukua cv.docx, wanafuta docx, wanaandika pdf, wanatuma, halafu wanangoja simu. Ukiuliza file hiyo CV ni nini, itakwambia bila kupepesa macho: Microsoft Word 2007+.

Wale tuliokaa kwenye mtihani wa Kiswahili wa KCSE tunakumbuka kuchambua neno: kiambishi awali, mzizi, kiambishi tamati. Zile herufi zinazokaa baada ya nukta, pdf, jpg, docx, ndizo kiambishi tamati cha faili. Windows humsikiliza huyo wa mwisho. Ukichukua picha ya harusi ukaibadilisha jina iishie na doc, Windows itaita Word, na Word itakuja mbio na kalamu mkononi, ikute bibi harusi.

Amri ya file inasoma kutoka upande ule mwingine. Inaenda mwanzo wa faili, kwenye baiti za kwanza kabisa, inaangalia zimeandikwa nini. Kwa sababu faili nyingi, kabla hazijakupa picha au wimbo ama barua, hujitambulisha. Picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF, unaweza hata kuisoma kwa macho. GIF huanza na GIF87a au GIF89a, kutegemea toleo la mwaka gani. Ndiyo nasema ni kiambishi awali. Kwetu pia ngeli hujulikana mbele: m-tu, wa-tu, ki-ti, vi-ti. Hungoji neno liishe ndipo ujue litapatana na nini.

Lakini mwalimu yeyote wa Kiswahili atakukatiza hapo. Kiongozi je? Kipofu? Kijana? Yote yanaanza na ki-, ila hakuna mtu husema kiongozi kimefika, isipokuwa anamtukana. Unasema kiongozi amefika. Mwanzo umekuonyesha njia moja, upatanisho umekupeleka nyingine. Na file iko na kesi hiyo hiyo kila siku. Faili ya Word ya siku hizi, ile ya docx, huanza na herufi PK, ambazo ni za faili ya zip. Kwa sababu kwa kweli ni zip, mfuko uliofungwa wenye vifaili vingine ndani. Faili ya Excel mpya, PK. Kitabu cha epub, PK. Programu ya simu ya Android, ile APK unayokatazwa kuipokea kutoka kwa namba usiyoijua, PK. Kwa hivyo file haiishii kwenye ki-. Inasonga ndani kidogo, inasoma majina ya vitu vilivyo mfukoni, ikikuta folda ya word inasema ni Word, ikikuta xl inasema ni Excel. Inatafuta upatanisho.

Hizo herufi PK ni za mtu. Phil Katz, Mmarekani aliyetengeneza programu ya PKZIP, alifariki mwaka wa 2000 akiwa na miaka 37. Kila ukituma ripoti kwa bosi, herufi za jina lake ndizo zinazotangulia. Programu za Windows nazo, zile za exe, huanza na MZ: Mark Zbikowski, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft. Mimi huwaza kuhusu hao watu wawili kuliko inavyofaa. Wengine huchonga majina kwenye viti vya matatu.

Amri yenyewe ni nzee. Mwongozo wake unasema imekuwa ndani ya Unix tangu angalau Toleo la 4, mwaka wa 1973. Ile inayotumika kwenye Linux na kwingineko leo iliandikwa upya na Ian Darwin wa Toronto, Kanada, kuanzia 1986, akaiachia watu bure, na kwa miaka mingi sasa inatunzwa na Christos Zoulas. Kama uko na Linux ama Mac unayo tayari. Kwenye Windows inakuja ukiweka Git Bash. Kama huna kompyuta kabisa, weka Termux kwenye simu ya Android, andika pkg install file, umemaliza.

Hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza inauliza kama hicho kitu ni faili ya kawaida hata: pengine ni folda, pengine ni tupu, na ikiwa tupu inasema empty na kuachana nawe. Halafu inalinganisha baiti na orodha ndefu ya alama zinazojulikana, orodha ambayo wenyewe wanaiita uchawi, kwa herufi kabisa, magic. Uchawi ukigonga mwamba, inajaribu kuona kama hayo ni maandishi, na ya aina gani.

Hapo kwa maandishi kuna kitu kidogo kinachonifurahisha. Nikiandika insha yangu ya Kiswahili kwenye faili ya maandishi matupu nikaiuliza file, inajibu ASCII text. Hayo ni maandishi ya msimbo wa Kimarekani wa miaka ya sitini, uliobuniwa na watu ambao nina hakika hawakuwa wakifikiria ng'ombe wala ng'ambo. Kiswahili sanifu kinaingia humo chote bila hata herufi moja kubaki nje. Sasa ongeza neno moja tu la Kikuyu, mũndũ, na jibu linabadilika hapo hapo: Unicode text, UTF-8 text. Mkia mdogo juu ya u umeihamisha insha nzima. Lugha ya mama haiingii kwenye kile kisanduku cha Wamarekani, na kusema ukweli sioni ubaya wowote.

Mbona basi watu wa usalama wa kompyuta wanapenda sana habari hii? Kwa sababu mkia hudanganya na kuna watu huishi kwa huo uongo. Mei 2000, barua pepe yenye kichwa cha ILOVEYOU ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia, imebeba faili iitwayo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa mazoea yake ya kuficha kiambishi tamati inachokijua, ilionyesha watu wengi TXT peke yake. Barua ya mapenzi, maandishi tu, itadhuru nini? Wakafungua. Zaidi ya miaka 20 imepita na hayo mazoea ya kuficha bado yapo, lazima uende mwenyewe kwa mipangilio uyazime. Yazime leo.

Haya yote nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua kufunga tai, ujuzi wa kukaa tu. Niliyahitaji mara moja, mwaka wa 2019.

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne hapa Free Area, Nakuru. Walikutana kila Jumapili ya pili ya mwezi. Kuna pesa ya mzunguko na kuna pesa ya mikopo, riba asilimia 10, na yote ilikuwa mikononi mwake kwa sababu alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi na watu waliamini mkono wake. Mpaka 2016 aliandika kwenye kaunta buku. Halafu akasoma kozi ya kompyuta ya jioni, ile ya pakeji, na kuanzia hapo kaunta buku ikawa aibu kwake. Akahamishia kila kitu kwenye Excel, kwenye kompyuta ya duka iliyokuwa na Office ya zamani, akahifadhi kwenye flashi ya kijani ya GB 4 iliyofungwa pamoja na funguo za nyumba. Jioni za mkutano alimalizia hesabu kwa laptopu ya dada yangu, HP kuukuu yenye kibodi iliyokosa herufi Q. Alikuwa akisema chama hakihitaji Q.

Alifariki Alhamisi, Julai 18, 2019. Presha. Hakuugua, alianguka.

Baada ya mazishi, mwenyekiti alikuja nyumbani na wenzake wawili. Walikunywa chai, wakaomba, wakasema pole tena. Halafu mwenyekiti akaeleza taratibu kwamba kwenye akaunti ya chama kumekutwa Sh 9,400, na kwa hesabu ya vichwa vyao ilifaa iwe Sh 121,400. Sitaki kusema walikuja kwa ubaya. Pesa ile ilikuwa ya watu. Lakini Nakuru si kubwa, na wiki ile ile dada yangu aliyasikia maneno sokoni yakiwa yamekwisha kukomaa: ati pesa ya chama ilisomesha mtoto. Mtoto ni mimi. Nilikuwa namaliza mwaka wa kwanza chuoni, sayansi ya kompyuta, na ni kweli karo ilikuwa ikitoka kwa njia ambazo sikuwahi kuulizia.

Flashi ilikuwepo. Mjomba alikuwa tayari ameipeleka saiba ili daftari lichapishwe. Ilipochomekwa, Windows ikasema kuna hitilafu, irekebishwe? Msee wa saiba akabonyeza ndiyo, kama ambavyo mtu yeyote angebonyeza. Marekebisho yakaisha, flashi ikafunguka, ndani hakuna kitu. Mjomba akarudi akaiweka mezani. Alisema, "Imejifuta, mwanangu," na akakaa kwa kiti bila kuvua kofia.

Haikuwa imejifuta. Windows ikirekebisha diski na kukuta vipande vya faili visivyo na mwenyewe, huvikusanya kwenye folda inayoitwa FOUND.000, na kila kipande hukipa namba: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Majina ya zamani yote yamekwenda. Viambishi tamati vimekwenda. Na juu ya hayo, hiyo folda huifanya ya siri, ndiyo maana saiba walisema tupu. Laptopu yangu ilikuwa na Ubuntu, na Ubuntu haijali siri za aina hiyo. Nilinakili kwanza flashi nzima, kila baiti, halafu nikaiweka kando nisiiguse tena. Ndani ya nakala kulikuwa na FOUND.000, na ndani ya FOUND.000 faili 214, kuanzia 0000 mpaka 0213, zote zikiwa CHK.

Hebu fikiria hilo rundo. Maisha ya mtu, yamepewa namba kama miili baada ya ajali ya basi.

file *.CHK

Ile nyota ina maana zote. Mistari 214 ikashuka kwenye skrini, haraka, sekunde moja haikuisha. Picha za JPEG 131, na nyingi zilikuja na maelezo yake, modeli ya simu iliyopiga na tarehe na saa, kwa sababu file huyasoma hayo pia yakiwa pale mbele. Nyimbo za injili 26. PDF 22, Word 17. Rekodi 6 za sauti kutoka kwenye simu yake ya zamani. Faili 9 zisizojulikana. Na Excel 3.

Faili za Office ya zamani, kabla ya docx na ndugu zake, huanza na baiti hizi: D0 CF 11 E0. Zisome polepole, sifuri ukiifanya O, moja ya kwanza ukiifanya I na ya pili L, utaona mtu wa Microsoft alikuwa anacheza: ni neno docfile. Faili za aina hii huongea sana. Mbali na kusema ni nini, hubeba mwandishi, tarehe ya kuzaliwa na mara ya mwisho kuguswa. Mbili kati ya zile tatu zilikuwa za 2017. Ya tatu ilikuwa FILE0117.CHK, na kwenye mstari wake mrefu niliona haya:

Author: User, Last Saved By: HP, Name of Creating Application: Microsoft Excel, Create Time/Date: Sat Jan 16 10:12:40 2016, Last Saved Time/Date: Sun Jul 14 20:47:33 2019

User na HP, hao ndio waandishi wakubwa wa nchi hii, hakuna mshairi wetu amewakaribia. Lakini Julai 14, 2019 ilikuwa Jumapili ya pili ya mwezi. Siku ya mkutano wa mwisho. Saa tatu kasorobo hivi usiku alikuwa amekaa kwa ile laptopu isiyo na Q, akaandika, akahifadhi. Siku nne baadaye hakuwepo.

Niliipa jina jipya, linaloishia na xls, nikaifungua kwa LibreOffice. Ilifunguka yote.

Kila mwaka ulikuwa na ukurasa wake. Majina kumi na manne kushuka, miezi kwenda kulia, na ukurasa mwingine wa mikopo peke yake. Ile Sh 112,000 iliyokuwa inatafutwa ilikuwa pale, imetawanyika kwa watu wanne waliokopa na hawajamaliza: 40,000, 32,500, 22,000, na 17,500. Hao watatu wa kwanza sitawaandika hapa, ni wazazi wa watu tuliosoma nao. Wa nne ni mama yangu. Safu ya 23: Februari 2019, Sh 35,000, riba 3,500, amelipa 21,000, baki 17,500. Mbele yake, kwenye sehemu ya sababu, ambapo wengine waliandika biashara ama hospitali, aliandika karo.

Kwa hivyo sokoni hawakuwa wamekosea kabisa. Pesa ya chama ilimsomesha mtoto, sehemu yake. Ila iliandikwa, kwa riba ile ile ya wengine, na ilikuwa inalipwa.

Nilichapisha kurasa zote nikaenda nazo kikaoni. Mwenyekiti alivaa miwani, akapitia kurasa mbili tatu, akampa wa pembeni. Halafu akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, "Mwanangu, hii imetoka kwa kompyuta. Na kwa hii nyumba, wewe ndiye unasomea kompyuta. Sisi tutajuaje?"

Sikumjibu kwa sababu alikuwa sawa. Alikuwa ameuliza swali ambalo mhadhiri wangu yeyote angeuliza. Hizo tarehe zinazotoka kwenye faili zinaweza kuandikwa upya. Baiti za mwanzo pia. Chukua shairi lako, weka %PDF-1.4 kwenye mstari wa kwanza, hifadhi kama maandishi ya kawaida, uliza file: itakwambia ni PDF, toleo la 1.4. Inaamini kiambishi awali kama Windows inavyoamini kiambishi tamati, tofauti ni kwamba kudanganya mbele kunahitaji kazi kidogo zaidi. Kazi ambayo mtu wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anaiweza akiwa anakula mandazi. Ningewaambia nini? Kwamba Composite Document File V2 haidanganyi?

Aliyetuokoa ni mama mmoja mkimya, wa mwisho kwenye orodha, muuza mitumba. Alitoa simu ya kubofya kwenye kifua, akaanza kushuka na meseji za M-Pesa. Yeye hakuwahi kufuta hata moja. Akasoma kwa sauti: Julai 14, Sh 3,000 kwa mama yangu. Mwenyekiti akatafuta jina lake kwenye karatasi, akaenda kulia mpaka Julai. 3,000. Juni, 2,000. 2,000. Mei. Mtu mwingine akatoa yake. Waliofuta walilalamika kidogo, wawili wakaahidi kuitisha taarifa ya miezi sita. Waliolipa kwa mkono walibishana wao kwa wao, mmoja akisema alitoa Aprili, mwingine akimkumbusha kwamba Aprili alikuwa kwa matanga. Chai ilirudiwa. Ilichukua alasiri yote, na ilipofika saa kumi na mbili kulikuwa na malipo 31 yaliyolingana na karatasi bila hata moja kupinda.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema tu, "Hii ni hesabu yake. Hata alivyokuwa akiandika jina langu vibaya, ndivyo ameandika."

Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Si D0 CF 11 E0. Kwa miaka mitatu na nusu Mama alikuwa akiacha herufi moja kwenye jina la mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa akilinyamazia.

Wawili kati ya wale watatu walilipa kabla ya Krismasi. Mmoja alihama. Zile 17,500 tulizilipa sisi, dada na mimi, kwa awamu nne, na mweka hazina mpya alituandikia risiti kila mara, kwa kalamu, kwenye kaunta buku. Karo ya mwaka wa pili haikupatikana. Niliacha chuo Septemba, sijarudi. Nikiulizwa nimesomea nini husema ninaandika, na mara nyingi anayeuliza hungoja neno lingine lije nyuma ya hilo, halafu anabadilisha mada.

Bado ninayo ile nakala ya flashi. Zile faili tisa zisizojulikana, file inasema neno moja tu: data. Hilo ndilo jibu lake ikishindwa, na naliheshimu. Haisemi pengine ni picha. Haisemi jaribu tena. Najua hata kwa nini imeshindwa: vipande hivyo vimekatika katikati, ni tumbo la faili fulani bila kichwa, na bila kichwa hakuna cha kusoma. Nimevifungua kimoja kimoja na programu ya kuonyesha baiti, nikatafuta neno lolote la mtu. Kwenye kimoja nilipata herufi zinazofanana na jina la mtaa wetu, kisha takataka kurasa na kurasa. Sijavifuta.

Zile rekodi sita, file inaziita Adaptive Multi-Rate. Ni umbo la sauti lililotengenezewa simu, linabana sana na kukata kila kitu kisicho karibu na sauti ya mtu anayeongea. Tano ni za mfukoni, alibofya bila kujua: nguo, hatua, makanga akiita tao. Ya sita ni mazoezi ya kwaya ya kanisa, dakika nne. Mama aliimba sauti ya pili. Kwa sababu ya ule ubanaji, sauti zote zimegandana na ni ngumu kutenganisha huyu na yule. Dada yangu anasema Mama ni yule anayeingia mapema kidogo kabla ya wengine kwenye kibwagizo. Nimeisikiliza kwa spika, nimeisikiliza kwa vipokea sauti vizuri vya mteja mmoja kabla sijavirudisha. Nasikia wanawake kama kumi hivi, mtu akikohoa, na jogoo nje.